Nimebadilisha pickup ya gitaa mara tatu kwa ajili ya wimbo wa Baba, na fundi wa mota za pampu ndiye aliyenimaliza

Wakuu, salamu kwenu nyote wa mitaa ya Nairobi, wa Tena, wa Umoja, wa Mathare, na nyinyi mnaosoma mkiwa kazini huku mkijifanya mna shughuli.

Nina hasira, kwa hivyo mnivumilie. Haya ninayosimulia yametokea. Gitaa liko hapa kitandani mbele yangu, lina nyuzi tano badala ya sita, na anayebisha aje alione.

Baadhi yenu mnanikumbuka. Mimi ndiye yule muuza nafaka wa Tena niliyeuliza hapa jukwaani miezi minne iliyopita nifanye nini ili gitaa langu lisikike jembamba na safi kama magitaa ya zamani. Mlinijibu kurasa tatu nzima. Leo nimerudi kuwaambia mlichonifanyia.

Tuanze mwanzo.

Mama yangu ameongoza kina mama wa kanisa letu miaka mingi. Mwaka huu goti likakataa, akasema basi, ampishe mwingine. Kanisa likapanga Jumapili ya kumshukuru.

Wenzake wakamuuliza anataka zawadi gani. Walikuwa wameshaanza kuzungumzia blanketi na seti ya sufuria.

Akawaambia hataki kitu cha kubeba. Anataka Wekesa apige ule wimbo wa baba yake.

Wekesa ni mimi.

Sasa hapo mjue mzigo niliotwikwa. Baba alikuwa anaendesha mashine kwenye kiwanda cha misumari Industrial Area, na tulikuwa tunaishi Mukuru kwa Njenga. Jioni alirudi kwa miguu, akanawa, akaketi mlangoni na gitaa lake, akalichomeka kwenye redio kuukuu, akapiga wimbo mmoja kabla ya chakula. Ulikuwa wa kwake mwenyewe. Hauna maneno wala jina.

Alinifundisha nikiwa mdogo, polepole, noti moja moja, kwa hivyo noti zote ninazo; akipiga mwenyewe jioni, mimi nilikuwa nje nikicheza.

Baba alifariki miaka tisa iliyopita. Gitaa lenyewe lilikuwa limetangulia. Mvua kubwa iliingia nyumbani, na tulipolitoa kwenye maji mbao zilikuwa zimefumuka kama mkate uliotumbukia kwenye chai.

Kilichobaki ni nyuzi zake kuukuu, maana Mama hatupi kitu. Hata leo pale kwake Tena pazia limening'inizwa kwa uzi wa gitaa la Baba. Kifuniko cha birika kimefungwa kwa uzi wa gitaa la Baba. Mlango wa kabati la vyombo, vilevile. Nimekua nikiziona nyuzi hizo na sikuwahi kujiuliza lolote kuzihusu. Ziwekeni akilini, tutarudi.

Gitaa langu mimi ni la kisasa, jeusi, na lina humbucker. Kwa wale wasiojua: pickup ni ile sumaku iliyozungushiwa waya, inakaa chini ya nyuzi, inasikia zikitetemeka na kupeleka sauti kwenye spika. Humbucker ina koili mbili badala ya moja. Hizo mbili zinasaidiana kuua ule mvumo wa stima. Sauti yake ni nzito na nene.

Sasa sauti ya Baba haikuwa nene. Ilikuwa inalia. Ungeisikia ukiwa choo cha mwisho cha ploti yetu ya vyumba vya kupanga.

Nikaenda kwa Mama siku moja mchana na spika yangu ndogo, nikampigia wimbo kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kukosea hata noti moja. Nilikuwa najisikia sana.

Katikati ya wimbo mlango wa kabati ukafunguka wenyewe. Uzi uliokuwa unaushikilia ulikuwa umeliwa na kutu ukakatika. Mama akausukuma kwa mguu, ukafunguka tena. Akauacha.

Nilipomaliza akasema, "Ni nzuri. Lakini hii ni gitaa ya hotelini."

"Hotelini vipi, Mama?"

"Ya watu wakikula. Na tena unaiogopa."

Nikaitikia tu. Moyoni nikasema, huyu ni mama yangu, nampenda, lakini mambo ya tone, ya rangi ya sauti, atayajulia wapi? Anachosikia ni unene wa humbucker, ila hana jina lake.

Hilo ndilo kosa la kwanza, wakuu. Mengine yote ni watoto wake.

Ndipo nikaja hapa kwenu.

Mmoja wenu, na anajijua, akaniambia humbucker yangu ni dhaifu, ndiyo maana sauti haitoboi. Niweke yenye waya mwingi na sumaku kali. Akaiita pickup ya moto. Wengine wanane mkampa like.

Nikaitafuta, nikaipata mjini, nikaifunga mwenyewe. Ile ya zamani nikamuuzia kijana wa Mathare aliyekuwa akiitaka, kwa sababu mtu mwenye akili aweke pickup mbili za nini?

Nikampigia Mama wimbo. Hakufika hata katikati.

"Sasa inanguruma kama posho mill ya kusaga unga," akasema, akaenda kuangalia maharagwe.

Na ni kweli. Waya ukizidi kwenye koili, sauti inakua kubwa lakini ule mlio wa juu unakufa. Sauti yangu ilikuwa matope, nikayaongezea maji. Nikarudi hapa kulalamika, yule jamaa wa pickup ya moto akaniambia labda ni mikono yangu. Nilimtukana, mods wa jukwaa wakafuta. Leo namwomba radhi nusu. Nusu nyingine hapati, mtaona kwa nini.

Ushauri wa pili ulitoka kwa Shadrack, anayeshika mixer, ile mitambo ya sauti, kanisani kwetu. Shadrack ni mtu mzuri, ila ni wale watu ambao hawajawahi kusema "sijui" tangu wazaliwe.

"Wekesa, split hiyo koili. Zima moja, uache moja. Itakuwa thin, itakuwa clean. Si hiyo ndio unataka?"

Ilionekana ni akili. Fundi wa redio hapa Tena akaniwekea swichi ndogo, ukiibonyeza koili moja inalala. Nikajaribu nyumbani. Wakuu, kwa mara ya kwanza nikasikia kitu kinachofanana na Baba kwa mbali. Nilifurahi nusura nirudi kumkumbatia fundi.

Jumapili nikaenda nayo kanisani kujaribu kwenye sifa.

Sasa mnakumbuka nilichowaambia kuhusu koili mbili na mvumo wa stima? Ukizima moja, mvumo unarudi. Na kanisa letu ni la mabati, na waya za stima zilivutwa na muumini aliyejitolea, Mungu ambariki, lakini earth, ule waya wa kushuka ardhini, hakuijua.

Sifa zikaisha, tukaingia maombi. Nikafumba macho. Volume sikuifunga.

Kanisa zima likajaa mmmmmmmmm.

Pastor akaomba kwa dakika nzima juu ya huo mvumo. Mwishowe akasimama katikati ya kumwombea mgonjwa, akafungua jicho moja, akauliza kwenye maikrofoni, "Ndugu zangu, nani amewasha friji?"

Kanisa letu halina friji.

Shadrack akaninyooshea kidole. Yeye aliyenishauri! Mama alikuwa kiti cha mbele, mabega yakitetemeka kwa kicheko, na mimi nilitaka ardhi inimeze na gitaa langu.

Basi nikakaa chini nikafikiri kama mtu mzima. Tatizo ni waya mwingi. Koili nisizime, zibaki zote mbili ili mvumo ufe. Ila nipunguze mizunguko. Waya ukipungua, mlio wa juu unarudi. Hiyo hesabu ni sahihi, na hata sasa naitetea.

Nani Nairobi hii anaweza kufungua waya mwembamba kama unywele bila kuukata? Fundi wa redio alikataa kabisa. Akaniambia niende Mukuru kwa Njenga, kwa Fundi Njoroge anayesuka mota. Mota ya pampu ya maji ikiungua, mota ya mashine ya kiwandani ikiungua, watu humpelekea Njoroge, anatoa waya wote ulioungua na kusuka upya.

Nikaenda. Nilipita njia zilezile Baba alizokuwa akipita akitoka kazini, na moyo ukalainika, nikachukulia kuwa ni baraka.

Njoroge ni mzee mfupi, mkimya, miwani imeshikiliwa na kamba. Kibanda chake kimejaa mota hadi mlangoni. Aliipokea pickup yangu kwenye kiganja, akaipima uzito, akaisogeza karibu na jicho.

"Nani alikufanyia hii kazi?" akauliza.

"Imetoka hivyo kiwandani, fundi."

"Waya nyembamba hivi? Hii itaungua."

"Haiungui, fundi. Haipitishi stima ya maana. Nataka tu upunguze raundi kidogo, koili zote mbili, sawasawa."

"Sawa."

"Kidogo tu, fundi."

"Nimeskia, boss. Kuja Jumatano."

Na mimi nikaondoka.

Wakuu, mama zetu walituambia fundi haachiwi kazi. Fundi wa nguo, fundi wa kiatu, fundi wa mlango, unakaa pale kwenye stuli unamwangalia. Mimi mwana wa Mukuru, niliyekulia humo, nikaacha kazi nikaenda kupima maharagwe dukani.

Jumatano nikarudi. Ilikuwa imebaki siku nne Mama ashukuriwe.

Njoroge aliitoa kwenye kitambaa safi. Anaonyesha fahari, mtu ambaye kwa kawaida hata hatabasamu.

Alikuwa ameutoa waya WOTE. Akasuka upya kwa waya wa mota ya feni, mnene mara nyingi kuliko ule wa mwanzo, kwa hivyo mizunguko iliyoenea ni michache mno. Akafunga kwa uzi mweupe, mafundo yamepangwa vizuri, namna wanavyofunga mota. Akachovya kwenye vanishi, akaianika juu ya mabati siku nzima, ikakauka ngumu kama kwato.

"Hii sasa," akasema, "hata uipige miaka ishirini, haiungui."

Niliigeuza mkononi mara mbili.

"Fundi, nilisema upunguze kidogo."

"Sasa boss, mimi nirudishe kitu na waya kama ile? Kesho iungue, watu waseme ni Njoroge? Jina yangu iko kwa hiyo kitu."

Ungesema nini? Mtu amefanya kazi kwa moyo wote. Kwake kuna kosa moja tu duniani, nalo ni kitu kuungua. Nikamwambia asante. Nilipofika kwenye kona nikasimama kando ya ukuta wa kiwanda nikataka kulia, na sioni haya kusema.

Nyumbani nikaipima koili kwa mita ya stima. Mita ilisoma kidogo sana kiasi nikadhani betri imeisha.

Nikampigia simu yule kijana wa Mathare anirudishie humbucker yangu ya kwanza. Ameshaiuza. Nikaulizia ya kuazima, wapi. Basi nikaifunga kazi ya Njoroge kwenye gitaa, nikachomeka spika, nikapiga.

Mvumo hamna. Matope hamna. Mlio ni safi, unang'aa, kila uzi unasikika peke yake. Ila sauti ni ndogo! Ndogo, wakuu, ndogo ya kuudhi. Fungua volume yote, unasikia kama redio ya jirani aliye nyumba ya tatu.

Shadrack akasema, "Usijali, nitaisukuma kwa mixer."

Jumapili ikafika.

Kina mama wamevaa vitambaa vyao vya kichwa, wamejaa safu tatu za mbele, Mama katikati, mguu wenye goti bovu ameunyoosha. Wakamwimbia, wakamwombea. Pastor akasema, "Sasa kijana wake atatupigia wimbo wa marehemu baba yake."

Nikaanza, polepole, kwa ule ustadi wangu wa kugusa nyuzi kwa vidole laini.

Hakuna aliyesikia.

Si kwamba sauti ilikuwa ndogo kidogo. Kuna mama alimgeukia mwenzake akamuuliza kama nimeshaanza. Nikamtazama Shadrack. Akainua mikono yote miwili, maana yake amefika mwisho wa mixer, hakuna tena. Spika zinatoa kelele ya sssss na mimi sipo.

Nikamwona Mama ameinamisha kichwa. Alikuwa anajitahidi kunisikia.

Hapo ndipo hasira ilinipanda, na ilipanda yote kwa pamoja. Miezi minne. Pickup ya moto na like zenu nane. Friji la Pastor. Vanishi ya Njoroge. Kitu kimoja tu mama yangu ameomba, kitu kisicho na uzito wowote, na mimi nimeshindwa kumpa.

Nikayapiga yale manyuzi kwa nguvu, jinsi mtu anavyokung'uta mkeka.

Nyuzi zikaanza kugonga vyuma vya shingo ya gitaa. Zikalia. Kila noti ikaja na mtetemo wake wa bati, mkali, kama inakemea mtu. Kitu ambacho miaka yote nimejifunza kukiepuka, mwalimu yeyote wa gitaa angenikata vidole. Lakini sasa sauti ilikuwa inatoka, inafika ukuta wa nyuma na kurudi, na sikuweza kupunguza, kwa sababu nikipunguza tu inazama.

Mama akainua kichwa.

Alinitazama namna ambayo hajanitazama tangu nikiwa mdogo. Kisha akasimama na goti lake hilo, akashika kiti cha mbele, akaanza kuufuata wimbo kwa mdomo uliofungwa.

Vidole vilikuwa vinawaka moto. Tukarudia mara ya pili, na katikati ya mara ya pili, PAA! Uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, ukakatika, ukanichapa shavuni.

Nikaendelea na tano.

Na Mama akacheka. Kanisani, kwa sauti, hadi akafuta machozi kwa kile kitambaa cha kichwa. Tangu Baba afe sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Mimi nikamalizia wimbo sioni vizuri.

Ibada ikaisha. Nikawa napanga nyaya zangu, bado nimenuna, najiambia angalau kumekwisha. Mama akaja, anachechemea, akanyoosha kiganja.

"Leta hiyo waya."

"Gani, Mama?"

"Yenye imekatika. Mlango wa kabati hauna kitu ya kufunga."

Nikaufungua ule uzi kutoka kwenye gitaa. Nikiwa nimeushika hivyo mkononi, ndipo ikaniingia. Pazia. Birika. Kabati. Mtu anayegusa gitaa kwa vidole laini hawezi kukata nyuzi za kufunga nyumba nzima.

"Mama, Baba alikuwa anapiga hivi?"

"Angepigaje? Ile redio yake ya spika ilikuwa na sauti ya mbu. Na ploti yote watoto wanalia. Alikuwa anachapa hiyo gitaa kama amekosewa. Kila mwezi waya."

"Na mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia unaiogopa."

Akauzungusha ule uzi kidoleni, akautia kwenye mkoba wake, akaenda zake kunywa chai na wenzake.

Wakuu, niambieni. Mtu anafanya nini na mama kama huyu?

Nilipita kwa Njoroge wiki hii kumshukuru. Nilimweleza yote, kanisa, wimbo, uzi kukatika. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Na koili, iliungua?" Nikamwambia hapana. Akasema alijua.

Funzo langu ni hili, na silipambi. Kama unatafuta sauti ya mtu fulani, usianze na koili wala sumaku. Tafuta aliyekuwa ameketi karibu naye akipika, umuulize alikuwa anapigaje, na akikujibu, usijifanye wewe ndiye unajua zaidi. Mimi jibu nilipewa siku ya kwanza, na kabati lilikuwa wazi mbele yangu.

Yule wa "labda ni mikono yako", ile nusu ya radhi ndiyo hiyo. Nusu nyingine umeikosa kwa sababu ulianza na pickup ya moto.

Jana nilipita kwa Mama. Mlango wa kabati umefungwa, uzi mpya unang'aa pembeni ya ule wa zamani wenye kutu. Hakuutoa wa zamani.

Haya, uwanja ni wenu. Aliyewahi kuachia fundi kazi akarudi kukuta maajabu, aje atupe yake nisijione mjinga peke yangu. Anayejua panapouzwa uzi wa kwanza mmoja mmoja, bila kulazimishwa kununua seti nzima, aseme, maana naona nitazihitaji nyingi.

Na yeyote atakayeniandikia hapa sasa nibadilishe capacitor, kidude kingine cha ndani ya gitaa, namwambia mapema: nimeshika gitaa, na sasa najua kuchapa.